Koni, vizuizi au matuta: Malindi ichague lipi kwa waendao kwa miguu na wapanda baiskeli maradhi yakirudi

Mwezi wa Aprili mwaka 2020, maradhi ya korona yakiwa yamekwisha kuingia nchini, jua lilikuwa likituchwea hapa Malindi, pwani ya Kenya, kiasi cha saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu, na kafyu ilikuwa ikianza saa moja usiku. Baina ya mambo hayo mawili palikuwa na kipindi kifupi cha giza jepesi ambamo mji mzima ulijaribu kufika nyumbani kwa pamoja. Jioni moja nilikuwa juu ya baiskeli kwenye Barabara ya Lamu, sina taa, barakoa imenishuka kidevuni kwa jasho, tuktuk ikanipita karibu mno, kioo chake kikagonga usukani wangu, nami nikajikuta nimekaa mchangani huku gurudumu la mbele likizunguka peke yake. Dereva alisimama hatua chache mbele, akatoa kichwa na kusema, "Niwie radhi, ndugu yangu, kafyu hiyo!" kisha akaondoka. Sikumlaumu sana. Alikuwa na abiria nyuma, na abiria naye alikuwa akitazama saa.

Wakati ule sikuwa peke yangu niliyerudi kwenye baiskeli iliyokuwa imetupwa nyuma ya nyumba. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na tarehe 8 Aprili kaunti za Kilifi, ambayo ndiyo yetu, Mombasa na Kwale zikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, nauli zikapanda, na bodaboda ikatakiwa kubeba abiria mmoja tu. Hoteli zilipofunga milango, wafanyakazi wengi walibaki na mshahara nusu au bila mshahara, na mtu wa namna hiyo hutembea. Wakazi wa Barani, Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo waliokuwa wakipanda gari walionekana sasa kandokando ya lami, alfajiri na magharibi, wakiwa wengi kuliko njia inavyoweza kuwachukua.

Swali la makala haya ni la mtu anayetakiwa kuchagua: diwani, afisa wa kaunti, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, au mwalimu mkuu ambaye shule yake imepakana na barabara kuu. Maradhi ya kuambukiza yakitokea tena, na watu wakalazimika kutembea na kuendesha baiskeli kwa wingi huku wakiambiwa waachane nafasi, ni hatua ipi ichukuliwe kwanza? Miji ya dunia ilijaribu njia tatu kubwa, na hapa nchini tulijaribu ya nne bila kuijua kuwa ni hatua ya usalama barabarani. Nitaziweka ubavu kwa ubavu, ingawa sitazipa uzito sawa, kwa sababu hazilingani.

Kabla ya kulinganisha inafaa kukumbuka kwamba hatari zilikuwa mbili, na kila moja ilivuta upande wake. Hatari ya kwanza ilikuwa pumzi ya jirani, nayo ilidai upana: watu wawili wanaopishana na kuachiana mita moja na nusu wanahitaji njia ya mita mbili na nusu na ushei, mabega yakihesabiwa. Hatari ya pili ilikuwa gari, na hii wengi waliidhani imepungua kwa kuwa barabara zilikuwa tupu. Kumbe barabara tupu ni mwaliko wa kukanyaga mafuta. Nchini Marekani, mwaka 2020 umbali uliosafiriwa na magari ulipungua kwa zaidi ya asilimia 10, lakini waliokufa barabarani waliongezeka wakapita 38,000, na miongoni mwao waendao kwa miguu walikuwa zaidi ya 6,500. Kenya nayo haikupata nafuu mwaka ule, licha ya kafyu na kufungwa kwa kaunti. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kueleza kwamba waendao kwa miguu na wapanda baiskeli ni asilimia 26 ya wanaokufa barabarani duniani, na kwamba barani Afrika sehemu yao hufika asilimia 44. Kwa hiyo hatua yoyote ihojiwe mara tatu: je, inaongeza upana, je, inapunguza mwendo wa magari, na je, inakuwepo saa ile ambayo watu wanatembea?

Koni na njia za muda

Njia iliyosifiwa zaidi ilikuwa ya kukata kipande cha barabara ya magari na kukitenga kwa koni au mapipa. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ndio ulioanza mapema, mwezi Machi 2020, wakati meya akiwa Claudia López. Ukaweka takriban kilomita 80 za njia za muda za baiskeli. Watu husahau kwamba mji huo haukuanzia sifuri. Tangu mwaka 1974 umekuwa ukifunga barabara zake kubwa kila Jumapili kwa ajili ya baiskeli na matembezi, hivyo koni zilikuwepo ghalani, walinzi waliijua kazi yao, na madereva walikwisha kuzoea kupisha. Paris iliweka kiasi cha kilomita 50, na barabara maarufu ya Rivoli ikaondolewa magari ya kibinafsi mwezi Mei mwaka huo. Berlin ilianzia mtaa wa Kreuzberg mwezi Machi kwa rangi ya manjano na vizuizi vyepesi.

Uzuri wa koni ni kwamba zinawekwa kwa usiku mmoja, na zikikosewa zinahamishwa asubuhi. Hakuna hatua nyingine yenye msamaha wa namna hiyo. Zinaongeza upana papo hapo, na kwa mpanda baiskeli zinampa jambo ambalo rangi peke yake haimpi, yaani kitu kinachosimama kati yake na bampa.

Hata hivyo hesabu ya upana haifanani hapa na kule. Barabara ya Bogotá yenye njia nne au sita ikinyang'anywa moja haidhuriki. Barabara yetu ya kawaida ya lami ya njia mbili ina mita sita au saba kwa jumla. Ukichukua mita moja na nusu kila upande, inabaki mita tatu au nne, na hapo lori la chumvi litokalo Gongoni likikutana na basi litokalo Mombasa, moja litaziangusha koni. Na koni ikianguka, anayebanwa ni yule yule tuliyetaka kumlinda. Jambo la pili, na hili nalisema nikiujua mji wangu, koni ya plastiki iliyoachwa usiku bila mlinzi itakutwa asubuhi imefunika ndoo ya mtu.

Kinachowezekana Malindi ni kuiacha lami na kutengeneza bega la barabara. Pale ambapo pana mita mbili au tatu za udongo kando, udongo huo ushindiliwe, vifusi na magari yaliyoegeshwa viondolewe, na mpaka wa lami na udongo utiwe mapipa mepesi yenye mchanga kidogo tu chini na kupakwa chokaa, si nguzo za mvinje zilizochimbiwa, kwa kuwa nguzo ikigongwa na mpanda baiskeli gizani haisogei. Hapo koni zinakuwa na maana. Katikati ya mji, ambako bega limeliwa na vibanda, hazina.

Liko pia suala la mamlaka, na Berlin inatufunza. Mwezi Septemba 2020 mahakama moja ya huko iliona kwamba baadhi ya njia hizo hazikuwa na msingi wa kisheria, kwa hoja kwamba sheria ya barabara inataka ithibitishwe hatari ya usafiri mahali husika, na janga la maradhi si hatari ya usafiri. Mahakama ya juu ikasimamisha uamuzi huo mwezi uliofuata. Kwetu, Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti barabara za kaunti, lakini barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Malindi kuelekea Garsen na Lamu iko chini ya KeNHA, yaani mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Diwani anayetaka kuweka mapipa yake huko bila barua ya KeNHA atakuwa amefanya kazi ya kuondolewa.

Kufunga barabara

Njia ya pili ni kuyazuia magari kabisa, au kuruhusu ya wakazi tu. Mji wa Oakland, katika jimbo la California, ulitangaza mwezi Aprili 2020 kwamba ungetuliza mitaa yenye urefu wa maili 74, ambazo ni karibu kilomita 119, kwa kuweka vizuizi na vibao. Kilichotekelezwa hakikufika hata nusu. La kuvutia zaidi ni lawama zilizotoka mashariki mwa mji, ambako waliishi watu waliolazimika kwenda kazini kila siku: walisema mitaa ya matembezi haiwasaidii wao, kwa sababu hatari yao iko kwenye barabara kubwa wanayovuka kwenda dukani na kwenye zahanati. Mji ukasikia, ukaongeza utaratibu wa pili wa kuimarisha vivuko mbele ya maduka ya chakula na vituo vya afya.

Lawama ile ingeweza kuandikwa Malindi. Ukiniuliza ni barabara ipi hapa inayofungika kwa urahisi, nitakujibu ni ile ya ufukweni, kutoka upande wa nguzo ya Vasco da Gama kuja mjini. Inapendeza, ina upepo, na jioni watu huenda kupunga hewa. Lakini mama anayeamka kupika mahamri na kuyabeba kichwani kutoka Maweni hapiti ufukweni, wala mtoto anayevuka barabara kuu kwenda shule hapiti huko. Kuifunga kutawafaa waliochoka kukaa ndani, nalo ni jambo la afya pia, silibezi, ila tusiliite ulinzi wa waendao kwa miguu wa mji huu.

Mitaa ya sokoni ni habari nyingine. Pale kufunga kunaweza kufaa kwa saa za asubuhi, maana wachuuzi wakitandaza bidhaa katikati ya njia wanunuzi hupata nafasi ya kuachana. Itabidi mikokoteni ipite, tuktuk iliyobeba mgonjwa ipite, na awepo mtu wa kufungua kizuizi mwenye akili ya kutofautisha mgonjwa na mtu mwenye haraka zake.

Yuko atakayesema tuige Lamu. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, ni mji ambao magari hayapiti vichochoroni mwake, na hapo mtu hahofii kugongwa na basi. Atapishana na punda. Ila maradhi yalipokuja, vichochoro vile vile vilileta shida iliyo kinyume. Vipo ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuza bega, na punda akiwa na mawe ya kujengea pande zote mbili, wewe unaingia barazani kwa mtu. Upana wa mita mbili na nusu hautafutwi huko, haupo. Kwa hiyo Lamu inatuonyesha kwamba kukosekana kwa magari hujibu swali moja kati ya yale matatu, na kuliacha la upana kama lilivyo.

Kupunguza mwendo

Hii ndiyo hatua isiyopigwa picha, nami naiona kuwa ya kwanza. Mwezi Februari 2020, wiki chache kabla dunia haijafungwa, mawaziri waliokutana Stockholm walitoa azimio lililotaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale ambapo watu na magari huchanganyika, isipokuwa kama pana ushahidi kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Mwezi Agosti Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipokea azimio hilo na kutangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa usalama barabarani. Brussels ilifanya jambo la ujasiri mwezi Mei 2020: katikati ya mji mwendo uliwekwa kilomita 20 kwa saa, na waendao kwa miguu na wapanda baiskeli wakaruhusiwa kutumia upana wote wa barabara. Tarehe 1 Januari 2021 sehemu kubwa ya mji mzima ikawa ya kilomita 30, na Paris ikafuata mwezi Agosti mwaka huo.

Sheria ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Tofauti ya 50 na 30 inaonekana ndogo kwenye saa ya gari, basi na tuipime kwa hatua za miguu. Chukua dereva mwenye akili timamu, anayetumia sekunde moja kuona na kukanyaga breki, katika lami kavu na gari zima. Akienda kilomita 30 atasimama baada ya mita 13 hivi. Akienda 50, katika sekunde ile ya kushtuka peke yake atakuwa amekwisha kupita mita 13 na zaidi, breki haijaanza kushika, na atasimama mbele kidogo ya mita 27. Mtoto aliyetokea nyuma ya tuktuk mita 15 mbele, yule wa kwanza anamkemea. Yule wa pili anamgonga kwa karibu mwendo wake wote.

Sasa linganisha na koni. Koni zinagawa barabara ili kila mmoja awe na kipande chake; mwendo mdogo hauigawi, bali unaifanya lami yenyewe ivumilie watu. Magari yakitambaa, mtu anayetaka kumkwepa mwenzake anayekohoa anaweza kushuka kwenye lami hatua tatu kisha akarudi, na hilo ndilo Brussels ilifanya. Kwa mji ambao bega la barabara limeliwa na vibanda na lami ina mita sita tu, upana mwingine wa kupatikana haupo isipokuwa huo. Ndiyo maana hatua inayoonekana haijibu swali la upana ndiyo inayolijibu kwetu.

Udhaifu wake naujua. Kibao cha 30 kilichopigiliwa peke yake ni pambo; dereva wa matatu anayekimbizana na kafyu hakioni, na polisi hawezi kusimama kila mahali. Mwendo hupunguzwa na kitu kinachogusa gurudumu: matuta, au bora zaidi kivuko kilichoinuliwa, ambacho ni tuta pana lenye bapa juu ambalo mtu huvukia. Tuta likiwa kali mno linamuumiza mgonjwa aliye ndani ya ambulansi, kwa hiyo kwenye njia ya kwenda hospitali liwe la mteremko mrefu. Na tuta linagharimu zaidi ya koni na haliwekwi kwa usiku mmoja. Ila likisha kuwekwa halihitaji mlinzi, na maradhi yakiondoka linabaki likifanya kazi, wakati koni zinarudishwa ghalani.

Saa

La nne halikuhitaji hata shilingi. Tarehe 6 Juni 2020 kafyu ilisogezwa ikaanza saa tatu usiku na kumalizika saa kumi alfajiri, na zuio la kutoka na kuingia Kilifi na Kwale likaondolewa. Aliyekuwa akiendesha baiskeli jioni aliiona tofauti bila kuambiwa, kwa sababu ule msongamano wa magharibi ulitawanyika. Serikali ilikuwa imefikiria uchumi, si baiskeli, lakini ilichobadilisha ni saa ambayo mji mzima uko barabarani. Atakayepanga kafyu nyingine, au saa za kufunga soko, au zamu za kiwandani, na akumbuke kwamba hapa kwetu jua halingoji. Ukimwamuru mtu awe nyumbani saa moja, umemwamuru atembee wakati dereva haoni vizuri. Upande wa alfajiri ni vivyo hivyo: kafyu ya kwanza iliisha saa kumi na moja, adhana ikiwa hewani na giza likiwa bado zima, na wauza mkate na mahamri wakatoka wote pamoja.

Kwa hiyo mwenye kuchagua asichague kwa mji mzima mara moja. Kwenye barabara kuu inayopita mbele ya makazi na shule, kuanzia upande wa Gede hadi kuingia mjini, ningeanza na vivuko vilivyoinuliwa mbele ya kila lango la shule, kisha bega lililoshindiliwa na kutengwa kwa mapipa katikati ya kivuko na kivuko. Mapipa bila matuta ningeyakataa hapo. Katikati ya mji ningeweka kilomita 30 kwa matuta na kuviacha vibanda mahali pake, kwa kuwa kuwahamisha wachuuzi wakati wa janga ni kuongeza njaa juu ya maradhi. Sokoni ningefunga asubuhi tu. Ufukweni nifunge Jumamosi na Jumapili, kama kutabaki watu wa kusimamia. Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Kaunti yetu inaweza kuanza na sehemu ndogo zaidi ya hiyo, mradi iwe imeandikwa kwenye bajeti kabla ya janga, kwa sababu janga likifika fedha zote huenda hospitalini, na ni haki ziende huko.

Barua kwa KeNHA iandikwe sasa, ikiwa na ramani ya mahali matuta yatakapolala, ili ruhusa isianze kutafutwa siku ya kwanza ya kafyu. Chokaa na rangi inayong'aa zinunuliwe pamoja na kokoto, wala fundi asiondoke kabla ya magharibi akiwa ameliacha tuta jeusi juu ya lami nyeusi, maana wa kwanza kuliangukia hatakuwa mwenye gari. Atakuwa ni mimi na wenzangu, tunaorudi Muyeye bila taa.